Vitenzi vya Kiitaliano kwa msemaji wa Kiswahili: hatua kwa hatua, kutoka presente hadi congiuntivo

Vitabu vingi vya kujifunzia Kiitaliano vinavyopatikana kwetu vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaosema Kiingereza. Ndiyo maana kurasa nzima hutumika kumweleza mwanafunzi kwamba kitenzi kinaweza kumbeba mtenda ndani yake, au kwamba kuna umbo la pekee kwa jambo linalotakiwa ila bado halijawa. Msemaji wa Kiswahili anayajua hayo tangu utotoni. Anasema "nataka aje", hasemi "nataka anakuja". Anasema "ningekuwa" bila kufundishwa. Malindi, Watamu na Kiwengwa wako watu wengi waliokipata Kiitaliano kazini, kwa kusikia tu, na sababu moja ni hiyo: vitenzi vya lugha hizi mbili vina mengi ya kuelewana.

Kwa hiyo mwongozo huu unapitia njia ya Kiswahili. Kila hatua inaanza na kitu unachokisema tayari, kisha inakuonyesha Waitaliano wanakisemaje. Na pale ambapo Kiswahili chenyewe kitakupotosha, pako sehemu kadhaa, nitapataja wazi na kukaa hapo kwa muda.

Ramani kwanza

Kiitaliano kina dhamira saba. Dhamira ni msimamo wa msemaji juu ya jambo: analieleza, analitaka, analiwekea sharti au analiamuru. Nne zinabadilika kwa nafsi: indicativo yenye nyakati 8, congiuntivo yenye 4, condizionale yenye 2, na imperativo yenye 1. Tatu hazishiki nafsi: infinito (kitenzi cha kamusi, kama parlare), participio (kama parlato) na gerundio (kama parlando), kila moja ikiwa na maumbo 2. Jumla ni 21.

Idadi hiyo huwatisha watu bure. Kati ya hayo 21, maumbo 9 ni ya kuunganisha tu: kitenzi kisaidizi (avere au essere) ukijuacho tayari pamoja na participio. Mengine machache hukutana nayo vitabuni peke yake. Mtu anayetaka kuishi, kufanya kazi na kusikilizana na watu anahitaji kwanza presente (wakati uliopo), passato prossimo (wakati uliopita wa mazungumzo), imperfetto ("nilikuwa ninafanya"), futuro (wakati ujao), condizionale ("ningefanya") na congiuntivo (kama "aje" katika "nataka aje"). Zishike kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: Kata mwisho, ubaki na mzizi

Kitenzi cha kamusi kinaishia kwa -are, -ere au -ire: parlare (kuongea), prendere (kuchukua), dormire (kulala). Ondoa herufi hizo tatu za mwisho, unabaki na parl-, prend-, dorm-. Sisi tunaweka nafsi mwanzoni (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-), wao wanaiweka mwishoni. Nafsi ikishakuwamo, io (mimi) na tu (wewe) hazihitajiki, kama sisi tusivyosema "mimi ninaongea" ila tunapotaka kusisitiza.

Presente ya makundi hayo ni hii:

parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano
prendo, prendi, prende, prendiamo, prendete, prendono
dormo, dormi, dorme, dormiamo, dormite, dormono

Vitenzi vingi vya -ire huingiza -isc- katika nafsi zote za umoja na ile ya "wao": finisco, finisci, finisce, finiamo, finite, finiscono. Capire (kuelewa), preferire (kupendelea), pulire (kusafisha) na spedire (kutuma) viko kundi hili. Hakuna dalili ya kukutambulisha, basi kila unapojifunza kitenzi kipya cha -ire, kiandike daftarini pamoja na umbo lake la io.

Angalia tahajia. Kwa Waitaliano c mbele ya e au i hutamkwa kama ch yetu, na ch yao hutamkwa k. Cercare (kutafuta) ni "cherkare". Ukisema "unatafuta", sauti ya k lazima ibaki, kwa hiyo unaandika cerchi, na "tunatafuta" ni cerchiamo. Vivyo hivyo pagare (kulipa): paghi, paghiamo. Mzoefu wa Kiswahili akiiona cerchi huisoma "cherchi" papo hapo. Jizoeze mapema kuizuia tabia hiyo.

Halafu mkazo. Sisi tunatia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Hapa ndipo masikio ya Mwitaliano hutugundua. Nafsi ya "wao" haivuti mkazo kwenda mbele, huuacha palepale ulipo katika umoja: pàrla, pàrlano, prènde, prèndono, àbita, àbitano, telèfona, telèfonano. Alama hizo nimeziweka ili uone mkazo, maandishi ya kawaida hayana. Ukisema "parlàno" au "abitàno" utaeleweka, lakini msikilizaji atasita. Soma kwa sauti ukianzia umoja kila mara: pàrla, pàrlano, pàrla, pàrlano, mpaka ulimi ukubali.

Hatua ya 2: Vitenzi kumi na vinne visivyofuata kanuni

Hivi ndivyo vinavyotumika kuliko vyote, na hakuna njia ya mkato. Kariri kama ulivyokariri jedwali la kuzidisha shuleni.

essere (kuwa): sono, sei, è, siamo, siete, sono
avere (kuwa na): ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno
andare (kwenda): vado, vai, va, andiamo, andate, vanno
venire (kuja): vengo, vieni, viene, veniamo, venite, vengono
fare (kufanya): faccio, fai, fa, facciamo, fate, fanno
stare (kukaa, kuwa katika hali): sto, stai, sta, stiamo, state, stanno
dare (kutoa, kupa): do, dai, dà, diamo, date, danno
dire (kusema jambo): dico, dici, dice, diciamo, dite, dicono
potere (kuweza): posso, puoi, può, possiamo, potete, possono
volere (kutaka): voglio, vuoi, vuole, vogliamo, volete, vogliono
dovere (kupaswa): devo, devi, deve, dobbiamo, dovete, devono
sapere (kujua): so, sai, sa, sappiamo, sapete, sanno
uscire (kutoka): esco, esci, esce, usciamo, uscite, escono
bere (kunywa): bevo, bevi, beve, beviamo, bevete, bevono

H ya ho, hai, ha, hanno haitamkwi, lakini usiiache katika maandishi.

Presente hiyo hiyo inabeba -na- na hu- zetu. "Huenda sokoni kila Jumamosi" ni Va al mercato ogni sabato. Ukitaka kusema jambo linafanyika sasa hivi, wakati huu tunaozungumza, tumia stare pamoja na gerundio: sto parlando, sto prendendo, sto dormendo. Kukanusha ni kazi nyepesi kuliko yetu. Sisi tunageuza kitenzi chote (ninaongea, siongei, nimekula, sijala), wao wanaweka non mbele na basi: non parlo.

Kuhusu kumheshimu mtu: kwa mgeni, mteja, afisa au mzee, Waitaliano hutumia Lei, yaani kitenzi katika nafsi ya tatu umoja. Muuzaji wa kwetu anaposema "Mama anapenda chai au kahawa?" akiwa anamtazama mama huyo huyo machoni, anafanya jambo lile lile. Lei prende il tè o il caffè? Kumwambia mteja wa makamo prendi ni kumwita kama rafiki wa rika lako.

Hatua ya 3: Passato prossimo, moyo wa mazungumzo

Kusimulia jambo lililotokea katika Kiitaliano cha kila siku, unachukua presente ya avere au essere, kisha participio. Participio inaundwa hivi: -are huwa -ato (parlato), -ere huwa -uto (creduto), -ire huwa -ito (dormito). Nyingi za -ere hazifuati kanuni, na lazima uzijue: scritto, letto, preso, messo, visto, chiuso, rotto, rimasto, nato. Ongeza na fatto, detto, aperto, morto, venuto na stato. Hii ya mwisho ni ya essere na stare, vyote viwili.

Ho parlato inatosha kwa "niliongea" na "nimeongea". Hata hivyo kuna -me- yetu ambayo si tendo lililopita, ni hali iliyopo. Hiyo haiwi passato prossimo. Ukisema "mtoto amelala" na yuko kitandani sasa, Kiitaliano ni il bambino dorme. Ukisema ha dormito, umesema alilala na ameshaamka. "Nimechoka" ni sono stanco, "nimeshiba" ni sono sazio, "amekaa" ni è seduto, "amevaa shati jeupe" ni porta una camicia bianca. Kabla ya kutafsiri -me- jiulize: hali hii bado ipo mbele ya macho yangu? Ikiwa ipo, tafuta presente. "Nimeelewa" ni ho capito, kwa sababu wao wanaihesabu kuwa tendo lililokamilika. Hilo lijue tu kama lilivyo.

Avere au essere? Vitenzi vingi vinachukua avere. Vyote vyenye yambwa ni avere bila ubishi: ho mangiato il pane, abbiamo visto il mare. Essere inachukuliwa na makundi matatu. Kwanza ni kwenda, kuja na kubadilika: andare, venire, arrivare, partire, entrare, uscire, tornare, nascere, morire, diventare, restare, rimanere, pamoja na essere na stare vyenyewe. Pili ni vitenzi vya kujitendea, vile ambavyo sisi mara nyingi tungetia -ji-: mi sono lavato (nilioga), si è ferita (alijiumiza, mwanamke). Tatu ni vitenzi kama piacere, ambavyo nitavirudia baada ya kidogo.

Usidanganywe na fikra kwamba kila mwendo ni essere. Camminare (kutembea), nuotare (kuogelea), viaggiare (kusafiri) na ballare (kucheza ngoma) huchukua avere, kwa sababu vinaeleza namna ya kujongea bila kukupeleka mahali maalumu. Na kuna vinavyobadilika: ho finito il lavoro (nimemaliza kazi), lakini la lezione è finita (somo limekwisha). Kiswahili kimeshatenganisha maana hizo kwa vitenzi viwili, kumaliza na kwisha. Ukisikia "kwisha" kichwani, tumia essere.

Kwa essere, participio inapatana na mtenda: Paolo è andato, Maria è andata, i ragazzi sono andati, le ragazze sono andate. Aliyekulia kwenye ngeli hawezi kushangazwa na hili. Tunasema kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika, bila kufikiri. Kosa hutokea pale mwanamke anaposema sono andato kwa sababu ndivyo alivyolisikia kwa mwalimu mwanamume. Mwanamke anasema sono andata siku zote anapojizungumzia.

Jaribu sasa simulizi yenye -ka-: "Nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani." Kila -ka- inafunguka kuwa passato prossimo kamili, na kila mara unachagua kisaidizi upya: Sono andata al mercato, ho comprato il pesce e sono tornata a casa. Zoezi hili la kufungua -ka- ni bora kuliko mazoezi mengi ya vitabu. Simulia siku yako yote namna hiyo, kwa sauti, kila jioni.

Kuhusu piacere: "napenda" inakupeleka pabaya. Anzia "inanipendeza". Kinachopendeza ndicho mtenda: mi piace Napoli (Napoli inanipendeza), mi piacciono i datteri (tende zinanipendeza), mi è piaciuta la festa, mi sono piaciuti i datteri. Ukikumbuka "inanipendeza, zinanipendeza", hutakosea umoja na wingi wake.

Hatua ya 4: Imperfetto, au "nilikuwa ninafanya"

Umbo lake ni la kutulia. Ondoa -re ya kamusi, weka -vo, -vi, -va, -vamo, -vate, -vano: parlavo, prendevo, dormivo, finivo. Vinavyotoka nje ya mstari ni vichache: essere (ero, eri, era, eravamo, eravate, erano), fare (facevo), dire (dicevo), bere (bevevo). Mkazo tena: parlàvano, lakini parlavàmo.

Itumie kwa desturi ya zamani, kwa mandhari, kwa hali na kwa tendo lililokuwa likiendelea jingine lilipoingia. "Nilipokuwa ninaishi Torino, nilikuwa nikifanya kazi usiku": Quando vivevo a Torino, lavoravo di notte. "Nilikuwa nimelala Anna alipopiga simu": Dormivo quando ha telefonato Anna. Kanuni nyepesi: kama Kiswahili chako kina "nilikuwa" pamoja na -na- au -ki-, Kiitaliano kinataka imperfetto. Palipo na -li- peke yake inabidi ufikiri. "Nilijua" ikiwa na maana ya kwamba ulikuwa unafahamu ni sapevo, ikiwa na maana ya kwamba ulipata habari ni ho saputo.

Kutoka hapa unapata trapassato prossimo bila kujifunza kitu kipya. Weka kisaidizi katika imperfetto: avevo parlato (nilikuwa nimeongea), ero andata (nilikuwa nimekwenda).

Passato remoto, kwa ufupi

Parlai, parlasti, parlò, parlammo, parlaste, parlarono. Huu ni wakati wa riwaya, historia na hekaya. Kaskazini mwa Italia karibu hausikiki katika mazungumzo. Toscana bado unaishi, na Sicilia watu huutumia hata kwa mambo ya majuzi. Hadithi ya watoto huanza na imperfetto, C'era una volta un re (hapo zamani palikuwa na mfalme), kisha matukio yanashuka katika passato remoto. Jifunze kuutambua unaposoma: fu (alikuwa), ebbe (alikuwa na), disse (alisema), fece (alifanya), venne (alikuja), prese (alichukua). Kuusema kunaweza kusubiri, isipokuwa unaishi Palermo, huko Sicilia. Linaloudhi mapema ni alama moja ya mkazo: parlo ni "ninaongea", parlò ni "aliongea".

Hatua ya 5: Futuro na condizionale kwa pamoja

Nyakati hizi mbili zina mzizi mmoja, basi zijifunze siku moja. Chukua kitenzi cha kamusi, ondoa -e ya mwisho, na kwa vile vya -are geuza a iwe e: parler-, prender-, dormir-. Kisha weka:

futuro: -ò, -ai, -à, -emo, -ete, -anno
condizionale: -ei, -esti, -ebbe, -emmo, -este, -ebbero

Mizizi iliyofupishwa: sar- (essere), avr-, andr-, potr-, dovr-, sapr-, vedr-, vivr-. Iliyoongeza r: verr- (venire), vorr- (volere), rimarr-, berr-. Fare, dare na stare huiacha a yao: farò, darò, starò.

Parleremo ni "tutaongea", parleremmo ni "tungeongea". Tofauti ni m moja, na maana imehama kabisa. Kiswahili hakitufundishi kushikilia konsonanti, kwa hiyo lazima tujifunze kwa makusudi: funga midomo kwenye mm, ngoja kidogo, kisha achilia. Rekodi sauti yako kwenye simu ukisema jozi tatu (parleremo na parleremmo, saremo na saremmo, andremo na andremmo), sikiliza kesho yake, na uone kama wewe mwenyewe unaweza kuzitofautisha.

Futuro ina kazi nyingine inayofanana na yetu ajabu: kukisia. "Atakuwa amefika" ni sarà arrivato. "Itakuwa saa mbili" ya asubuhi ni saranno le otto, maana wao wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane na mchana. Umbo la sarà arrivato ndilo futuro anteriore.

Condizionale ndiyo adabu. Sentensi ya voglio un caffè ina ukali kidogo, vorrei un caffè ni "ningependa kahawa". Potrebbe aiutarmi? ni "ungeweza kunisaidia?" kwa mtu wa kuheshimiwa. Anayefanya kazi ya kuhudumia watu aanze na vorrei, potrei, potrebbe na dovrebbe kabla ya nyinginezo zote.

Condizionale ya wakati uliopita ni avrei parlato, sarei andata. Ina tumizi moja ambalo Kiswahili kitakunyima. Sisi tunasema "alisema atakuja", tunaiacha -ta- kama ilivyotoka kinywani mwake. Mwitaliano hasemi ha detto che verrà ikiwa siku yenyewe imeshapita. Anasema ha detto che sarebbe venuto. Kila "alisema ata-", "aliahidi ata-", "nilidhani ata-" ya jambo la jana na juzi, igeuze kuwa condizionale passato.

Hatua ya 6: Congiuntivo, ambayo unaijua tayari

Wageni wengi husalimu amri hapa. Wewe huna sababu. Tazama irabu ya mwisho katika Kiswahili: anakuja, lakini "nataka aje", anasema, lakini "afadhali aseme". Kiitaliano kinabadilisha irabu ya mwisho vivyo hivyo. Vitenzi vya -are vinachukua i: parli, parli, parli, parliamo, parliate, parlino. Vingine vinachukua a: prenda, prenda, prenda, prendiamo, prendiate, prendano. Kwa visivyofuata kanuni, chukua umbo la io la presente na uweke -a mahali pa -o: vengo, venga, dico, dica, faccio, faccia, esco, esca, posso, possa. Vitano vinakataa, navyo ni sia (essere), abbia (avere), sappia (sapere), dia (dare) na stia (stare).

Voglio che Maria venga: nataka Maria aje. È meglio che tu parta: afadhali uondoke. Bisogna che lo sappiano: ni lazima wajue. Mpaka hapa Kiswahili kinakubeba. Kuna sehemu tatu kinapokuacha.

Ya kwanza ni dhana na hofu. Sisi tunasema "nadhani amefika", "naogopa ni mgonjwa", kitenzi cha kawaida kabisa. Kiitaliano kinataka congiuntivo: credo che sia arrivato, ho paura che sia malato. Weka alama kwenye daftari kwa credo che, penso che, mi sembra che, spero che, ho paura che.

Ya pili ni mtenda mmoja. Tunaweza kusema "nataka niende" au "nataka kwenda". Kiitaliano kina la pili tu: voglio andare. "Amekuja ili akuone" ni è venuto per vederti, kwa maana anayekuja ndiye anayeona. Watenda wakiwa wawili, congiuntivo inarudi: l'ho portato perché tu lo veda, nimemleta ili umwone.

Ya tatu ndiyo nzito. "Nataka aje" na "nilitaka aje": "aje" haibadiliki. Kwa Waitaliano inabadilika. Voglio che venga, volevo che venisse. Kitenzi kikuu kikirudi nyuma, congiuntivo nayo inarudi kuwa imperfetto: parlassi, parlassi, parlasse, parlassimo, parlaste, parlassero. Vile vya -ere huchukua -essi (prendessi) na vile vya -ire -issi (dormissi). Essere ni fossi, dare dessi, stare stessi, fare facessi, dire dicessi. Hata vorrei inaivuta: vorrei che venisse, ningependa aje. Yaliyobaki ni ya kuunganisha: abbia parlato, sia andata, avessi parlato, fossi andata.

Hatua ya 7: Sentensi za sharti

Weka sentensi tatu zetu pamoja na zao.

Ukija, tutakula pamoja. Se vieni, mangiamo insieme, au Se verrai, mangeremo insieme.
Ungekuja, tungekula pamoja. Se venissi, mangeremmo insieme.
Ungalikuja, tungalikula pamoja. Se fossi venuto, avremmo mangiato insieme.

Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, na mtego wote uko hapo. Ukifuata Kiswahili utasema se verresti, mangeremmo, na hilo ni kosa ambalo walimu wa Italia huwasahihisha hata watoto wao wenyewe. Upande wenye se ya sharti unachukua congiuntivo (venissi, avessi, fossi), upande wa matokeo unachukua condizionale. Andika sentensi kumi zako mwenyewe, zenye mambo ya kweli ya maisha yako, ukianza na Se avessi na Se fossi.

Jambo jingine: wengi wetu tunatumia -nge- hata kwa jambo lililokwisha kupita. "Ungeniambia jana, ningekusubiri" ni ya jana, kwa hiyo Kiitaliano chake ni Se me l'avessi detto ieri, ti avrei aspettato. Usitafsiri -nge- kabla ya kujiuliza kama nafasi bado ipo au imekwisha.

Hatua ya 8: Kuamuru na kuomba

Kwa rafiki: parla! prendi! dormi! finisci! Kwa wengi: parlate! prendete! Kwa "na tuongee": parliamo! Za pekee: sii, abbi, di', fa', va', da', sta'. Kumkataza rafiki unatumia kitenzi cha kamusi: non parlare! Kwa anayestahili Lei unaazima congiuntivo, kama sisi tunavyolainisha "kaa" kuwa "ukae": si accomodi (karibu ukae), mi dica (niambie, tafadhali), aspetti un momento, non si preoccupi (usiwe na wasiwasi). Scusa ni kwa rafiki, scusi kwa mgeni. Irabu hiyo moja ya mwisho hubeba heshima yote.

Zoezi la kuyapima yote

Andika hii kwa Kiitaliano bila kutazama juu. Msemaji ni mwanamke.

"Jana niliamka mapema nikaenda sokoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Muuza samaki aliniambia mashua zitarudi saa nne. Ningalijua, ningalibaki nyumbani. Sasa nimechoka, nataka kesho aende mwanangu."

Jibu: Ieri mi sono svegliata presto e sono andata al mercato. Pioveva. Il pescivendolo mi ha detto che le barche sarebbero tornate alle dieci. Se l'avessi saputo, sarei rimasta a casa. Adesso sono stanca e voglio che domani ci vada mio figlio.

Kama uliandika ha piovuto, rudi hatua ya 4. Kama uliandika torneranno, rudi hatua ya 5. Se l'avrei saputo inakurudisha hatua ya 7. Ikiwa rimasta na stanca zimetoka zikiishia na -o, soma tena kuhusu upatanisho. Na ikiwa uliandika mi sono stancata kwa "nimechoka", sarufi yako ni sahihi, ila umesimulia tendo la kuchoka, na huyu mama anaeleza alivyo sasa hivi.